Miezi Minne na Siku Kumi

Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Hesabu hiyo imetajwa katika aya ya 234 ya Suratul Baqara, na sisi tuliokulia Bombo, hapa Uganda, tuliijua kabla hata ya kujua kuisoma, kwa kuwa haukupita muda mrefu bila kuwapo nyumba fulani mtaani ambayo mama yake haonekani sokoni wala harusini, na watoto tukaambiwa tupunguze kelele tukipita mbele ya baraza yake. Watu wakiieleza eda huieleza kwa makatazo yake: mjane hajipambi, hatii wanja wala hina, hajifukizi udi, havai dhahabu wala nguo ya kupendezea, halali nje ya nyumba yake, na haposwi. Yote hayo ni kweli. Lakini nimekaa eda yangu mwaka uliopita, na nimetoka na jambo ambalo sijalisikia likisemwa mimbarini wala katika darsa za akina mama, nalo ni kwamba eda ya mjane ni kungoja kusiko na kitu mwishoni mwake, na kwamba utulivu wa roho ulinijia kwa sababu hiyo hiyo.

Kungoja kwingine kote ninakokujua kuna kitu mbele. Binti wa jirani yangu anangoja viza ya kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, kama wanavyongoja vijana wengi wa Uganda, na simu ikilia husimama kabla hajajua ni nani anayepiga. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita hungoja matokeo. Mke ambaye hajajaaliwa mtoto hungoja mwezi hadi mwezi. Hata mwanamke aliyeachwa kwa talaka rejea anajua kwamba kabla ya eda yake kwisha mumewe anaweza kumrejea, na Qurani yenyewe mwanzoni mwa Suratut Talaq inamwambia kwamba huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jingine baada ya hayo. Mjane hana la kutazamia la namna hiyo. Aliyeondoka amezikwa, na siku ya mwisho ya eda itafika bila mtu yeyote kubisha hodi.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari. Ufundi na Kiswahili alivipata jeshini, kama wanaume wengi wa rika lake hapa kwetu, na ndiyo maana nyumba yetu imekuwa ya Kiswahili ingawa Kinubi, lugha ya Wanubi wa hapa, na Kiganda havikosekani humo kutwa nzima. Alifariki usiku, katika mwezi wa Rajabu, baada ya ugonjwa mfupi, akazikwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu ninachotaka kukieleza ni yale yaliyofuata baada ya wageni kukunja mikeka, turubai likarudishwa kwa wenyewe, na mimi nikabaki ndani na watoto na mama mkwe.

Siku za mwanzo hazina utulivu wowote, na anayemhimiza mjane atulie katika siku hizo hamtendei haki. Kuna hadithi ambayo hutumiwa sana kutukemea tunaolia. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimpita mwanamke analia kaburini, akamwambia amche Mwenyezi Mungu na asubiri, mwanamke, bila kumtambua, akamjibu aondoke kwani hakupatwa na msiba uliompata yeye. Alipoambiwa baadaye kwamba yule alikuwa Mtume, alikwenda mlangoni kwake, akakuta hakuna mabawabu, akaomba radhi, na akaambiwa kwamba subira hasa ni ile ya pigo la kwanza. Wahubiri husimama hapo kwenye maneno ya mwisho. Mimi, nilipokuwa ndani, nilikaa zaidi kwenye yale ya katikati: kwamba alipofukuzwa pale kaburini Mtume hakubishana naye wala hakumkaripia. Aliondoka, akamwacha alie. Maneno ya mafundisho alimwambia baadaye, mwanamke mwenyewe alipokuja kwa miguu yake.

Na subira yenyewe si ukavu wa macho. Nabii Yaakub ndiye aliyeitaja subira njema, na ni yeye huyo huyo ambaye Suratu Yusuf inatuambia kwamba macho yake yaliingia weupe kwa huzuni. Wanawe walipomwambia kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka ajiangamize, hakuwajibu kwamba ameacha. Aliwajibu kwamba sikitiko lake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Naye Mtume wetu, mwanawe mchanga Ibrahim alipokuwa akikata roho, alitokwa na machozi, akasema kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, maana kulikuwa na watu wema, wanaonipenda, waliokuwa wakinihesabia machozi.

Ukitaka kujua eda ni rehema kiasi gani, tazama ilichukua nafasi ya nini. Bi Zainab, binti wa Ummu Salama, ameeleza katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwamba mwanamke wa zama za ujahiliya alipofiwa na mumewe aliingia katika kibanda kidogo, akavaa nguo zake mbaya kuliko zote, asiguse manukato mpaka upite mwaka mzima. Ndipo alipotolewa nje na kupewa kinyesi cha mnyama akirushe, iwe ishara kwamba muda wake umekwisha. Uislamu ukaja ukamtoa mwanamke kwenye kibanda ukamweka nyumbani kwake, ukaupunguza mwaka ukawa miezi minne na siku kumi, na uchafu ukauondoa kabisa: mwenye eda huoga, huchana nywele zake, hukata kucha, hula chakula kizuri, huzungumza na jamaa zake. Lakini upande wa pili nao uliwekewa mpaka. Kwa maiti mwingine yeyote, hata akiwa baba yako mzazi, hukai matanga ya namna hiyo zaidi ya siku tatu. Bi Ummu Habiba, mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake, Abu Sufyan, siku ya tatu aliagiza manukato akajipaka, akasema hana haja nayo ila anataka kufuata alivyosikia kwa Mtume.

Ninaipenda sana habari hiyo ya Ummu Habiba, mwanamke aliyejipaka manukato asiyoyahitaji. Inaonyesha kwamba mpaka wa huzuni haukuachiwa hisia za mtu. Mimi sikuruhusiwa kuharakisha, na sikuruhusiwa kuzidisha. Kama ningeachiwa nichague mwenyewe, sijui ningechagua nini: labda ningerudi kwenye biashara yangu ya vitambaa wiki ile ile ili nisifikiri, au labda ningejifungia miaka. Wapo wanaosema kwamba sababu ya eda ni kujua kama mjane ana mimba, na hilo ni kweli kwa sehemu yake. Mjamzito eda yake humalizika anapojifungua. Lakini bibi kikongwe aliyekwisha kukoma hedhi miaka mingi naye hukaa eda ya mume, na bibi arusi ambaye mumewe amekufa kabla hawajakaa pamoja naye hukaa. Kwa hiyo kuna jambo jingine linalolindwa mle ndani zaidi ya tumbo la uzazi.

Bombo haiko mbali na ikweta. Huku kwetu jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Tofauti baina ya magharibi inayowahi kabisa na ile inayochelewa kabisa ni kama nusu saa. Waislamu walio katika nchi za mbali kaskazini hubadilishiwa saa za sala na majira, alfajiri yao ikawa usiku wa manane na isha yao ikasogea hadi usiku mkubwa. Sisi alfajiri ni alfajiri ile ile ya jana na ya mwaka jana. Nilipokuwa na shughuli zangu sikuwahi kulitia maanani jambo hilo, kwa kuwa kila siku ilikuwa na jambo lake la kuitofautisha na nyingine: siku ya kwenda Kampala kununua mzigo, siku ya kikundi cha kuwekeza, siku ya kumpeleka mtoto kliniki. Ndani ya eda tofauti hizo zilifutika zote. Zikabaki sala tano, kila moja mahali pake, na baina yake hakuna kitu kinachoitwa mapema wala kuchelewa. Mwanzoni hali hiyo ilinitisha. Niliogopa muda mrefu kati ya adhuhuri na alasiri kuliko nilivyoogopa usiku, kwa sababu usiku mtu ana ruhusa ya kulala.

Hesabu ya miezi nilimwachia mama mkwe. Alikuwa akitoka uani kuutafuta mwezi mwandamo, na mvua za Machi zilipoanza, mawingu yakafunga, alikuwa akisikiliza tangazo redioni huku akinung'unika kwamba zamani watu walitegemea macho yao. Kila mwezi ulipoandama alikuja akaniambia, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kusuka kawa. Akina mama wa Kinubi wanajulikana kwa kazi hiyo, kawa na sinia za ukindu uliotiwa rangi nyekundu, zambarau na kijani, na yeye ni mmoja wa wachache mtaani kwetu ambao bado wanaifanya kila siku. Huloweka ukindu katika beseni la maji tangu asubuhi ili usikatike, hunyonya ncha ya uzi ikaingia vizuri, huzungusha mstari mmoja wa rangi, hupapasa kwa kidole gumba kuona kama pana pengo, na akiliona hufumua mpaka hapo na kuanza tena bila kusema neno. Niliketi karibu naye saa nyingi. Alikuwa mwanamke aliyefiwa na mwanawe, na mimi nilikuwa mwanamke aliyefiwa na mume, na mtu tuliyempoteza alikuwa mmoja. Matanga yake yeye, kwa sheria, yalikuwa siku tatu tu. Zilipokwisha alijitia manukato kidogo, akavaa leso yake nzuri, akaja akaketi na mimi ambaye bado nilikuwa na miezi mbele yangu.

Ni yeye aliyenisimulia eda yake mwenyewe, ambayo katika miaka yote ya kuishi naye sikuwahi kuisikia. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wakazi wengi wa Bombo walikimbia, na yeye pamoja na watoto wadogo walifika upande wa Sudani. Huko ndiko mumewe alikofia. Hapakuwa na nyumba ya mume ya kukaa ndani yake. Palikuwa na chumba cha kuazima kwa watu wasiojuana, na alilazimika kwenda kuteka maji na kutafuta kuni kila siku kama wanawake wengine. Nilimuuliza, "Mama, uliwezaje kukaa eda katika hali ile?" Akaniambia kwamba alirudi kabla ya jua kuzama kila siku, akafunga mlango uliokuwa wa gunia, na kuanzia hapo mpaka alfajiri alikuwa katika eda kamili. "Mlango ulikuwa wa gunia, mwanangu, lakini niliufunga." Hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza zaidi.

Ramadhani ilinikuta ndani, na kwa kweli haikunipa shida, kwa sababu mji mzima uliingia katika utaratibu uliokaribiana na wangu: watu wakapunguza kutembea, wakapunguza maneno, wakayapa mengi mgongo. Idi ndiyo iliyokuwa nzito. Tangu usiku harufu ya pilau na ya udi ilitoka nyumba za jirani, takbira zikasikika kutoka msikitini, na asubuhi watoto wangu wakavaa nguo zao mpya alizowanunulia baba yao mdogo. Sikwenda uwanjani kwenye sala. Binti yangu wa mwisho alikuwa amepakwa hina na wifi yangu usiku uliotangulia, akaja kuniaga, na nikaona mikono yake ameificha nyuma. Alikuwa ameelezwa kwamba mama hatii hina, na akaamua kwa akili yake ya utoto kwamba basi mama asiione pia. Nikamwambia anipe mikono. Alikuwa amechorwa maua madogo mpaka kwenye vifundo, na kidole kimoja kilikuwa kimevurugika kwa kuwa alilala kabla hakijakauka. Niliitazama mikono ile kwa muda mrefu, nikaibusu, nikamwambia aende akaswali na amwombee baba yake. Alipokwisha kutoka nilikaa kwenye mswala wangu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipoona kwamba kuna kimya ndani yangu ambacho hakikutokana na uchovu.

Ningependa kukieleza kimya hicho kwa uangalifu, maana ni rahisi kukikuza kuliko kilivyokuwa. Dua zangu za maisha yote zimekuwa na mahitaji: ada za shule, afya, riziki, amani ya nchi. Hilo si baya, kwani tumefundishwa kumwomba Mwenyezi Mungu kila kitu, kikubwa na kidogo. Lakini mtu anayengoja jambo fulani, kila akisimama mbele ya Mola wake, jambo lile husimama pamoja naye. Akisoma Fatiha lipo, akisujudu lipo, na akimaliza huangalia kama limesogea. Ndivyo anavyongoja binti wa jirani yangu, na simlaumu. Mimi jambo langu lilikuwa limeondolewa. Nilichokitaka nilijua kwamba hapewi mtu hapa duniani, na vingine vyote, kwa wakati ule, sikuvitaka. Nikasimama kwenye sala bila ombi. Wiki za kwanza hali hiyo nilihisi kama umasikini, kama kwamba nimekwenda ugenini mikono mitupu. Kisha pole pole, katika ule muda wa baada ya alfajiri ambapo malori ya kwenda Gulu husikika yakibadilisha gia barabarani na mvua ikitulia juu ya mabati, nilianza kukaa pale bila kutazamia kitu, na nikaona kwamba Mwenyezi Mungu yupo pale pale, na kwamba kuwapo Kwake hakukutegemea nilete haja. Aya ya 28 ya Suratur Ra'd inasema kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia. Nimeisoma mara nyingi maishani na nilikuwa nikiielewa kwamba ukimkumbuka utapewa, na ukishapewa utatulia. Aya haikutaja kupewa.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Zipo siku ambazo nilishika tasbihi na ulimi ukaenda peke yake, na zipo nyingine nilizofungulia redio tangu asubuhi ili nisisikie nyumba. Huzuni haikuondoka wala haijaondoka. Kilichobadilika ni kwamba huzuni na utulivu vilikaa pamoja katika nafsi moja bila kugombana, jambo ambalo nisingeliamini kama ningesimuliwa na mtu.

Watu walinisimulia sana kisa cha Ummu Salama, na nataka kusema kitu juu yake. Alipofariki mumewe, Abu Salama, aliyekuwa amejeruhiwa katika vita vya Uhud, alisema ile dua aliyoifundisha Mtume, ya kumwomba Mwenyezi Mungu amlipe kwa msiba wake na ampe badala iliyo bora. Na moyoni akajiuliza: ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Eda yake ilipokwisha Mtume akamposa. Wanaosimulia hukimbilia mwisho huo, na nia yao ni njema: wanataka kumwambia mjane kwamba na yeye atapata. Mimi naona uzito wa kisa uko kwenye swali lake. Aliitamka dua huku haoni hata kidogo jinsi itakavyojibiwa, na hakujidanganya kwamba anaona. Alimpenda mumewe na akasema hivyo. Miezi yote ya eda yake aliikaa akiwa na swali lile. Hakujua kwamba kisa kina mwisho. Kumsimulia mjane mwisho wa kisa cha mwenzake ni kumrudishia jambo la kungoja, na mimi nashuhudia kwamba ni afadhali kuachwa na swali.

Kuna upande mwingine ambao ukiachwa, maneno yote haya yatakuwa ya mtu mwenye shibe. Utulivu unahitaji paa na unahitaji chakula. Bi Furay'a bint Malik, ambaye mumewe aliuawa na watumwa waliotoroka, alikwenda kwa Mtume kuomba arudi kwa jamaa zake, kwa sababu mumewe hakumwachia nyumba anayoimiliki wala matumizi. Mtume alimruhusu, kisha kabla hajafika mbali akamwita tena, akamwambia akae katika nyumba ambayo habari ya kifo ilimfikia mpaka muda utimie, naye akakaa miezi minne na siku kumi. Nimesikia hadithi hiyo ikitajwa ili kuwazuia wanawake wasitoke. Sijasikia ikitajwa ili kuwazuia mashemeji wasiwatoe. Hapa Uganda wapo wajane wanaoondolewa vyombo vyao uani kabla ya arobaini, watu wakagawana mabati na shamba, na mwanamke aliyeamrishwa na dini akae nyumbani akakosa nyumba ya kukaa. Sheria ya mirathi ya nchi yetu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inalihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai, na kila mwenyekiti wa kijiji na kila imamu anapaswa kulijua na kulisema hadharani siku ile ile ya mazishi, mbele ya turubai, ndugu wote wakiwa wamekaa.

Na chakula vilevile. Mimi nilikuwa na mama mkwe, nilikuwa na shemeji mwenye moyo, na duka langu la vitambaa lilishikwa na mdogo wangu. Mwanamke anayeuza nyanya kwa mafungu, asipokwenda sokoni leo, watoto hawali leo. Sheria haikumsahau: wanazuoni wengi wanamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja yake, mradi alale kwake, na ndugu wa kike wa mama yake Jabir, sahaba wa Mtume, mwanamke aliyekuwa katika eda ya talaka, aliruhusiwa na Mtume kwenda kuvuna tende zake, akaambiwa huenda akatoa sadaka katika hizo. Lakini wapo wanawake wasioelezwa ruhusa hiyo, na wapo walioelezwa ambao hutazamwa vibaya sokoni na watu ambao hawajawahi kuwapelekea hata kilo moja ya unga. Kamati za misikiti yetu hukusanya michango ya zulia na ya vipaza sauti. Natamani zikusanye pia ya posho, maharagwe na kodi ya chumba kwa kila mjane aliye katika eda ndani ya mtaa wake; ni miezi minne na siku kumi tu, na idadi ya wajane mtaani kwa wakati mmoja si kubwa.

Imesimuliwa kwamba baada ya Uhud, waume wengi walipokuwa wameuawa, wajane walimlalamikia Mtume upweke wa usiku, naye akawaruhusu wakutane kwa mmoja wao wazungumze, kisha kila mmoja arudi kulala nyumbani kwake. Tangu nitoke eda nimekuwa nikiwatembelea wenzangu walio ndani, baada ya alasiri, na mara nyingi mama mkwe hufuatana nami na kazi yake ya ukindu mkobani. Hatusomi darsa. Tunakaa, tunapika chai, mwenye kulia analia, mwenye kutaka kucheka anacheka, na ikikaribia magharibi tunaondoka. Kwa sasa yupo mmoja, kijana kuliko mimi, ambaye ameingia ndani mwezi huu na ana meza yake ya mboga karibu na stendi. Alikuwa ameiacha kabisa kwa kuogopa kwamba ni haramu, na watoto wake wanategemea majirani. Nililipeleka swali lake kwa sheikh, naye amejibu kwamba, kwa kuwa hana wa kumtafutia riziki, anaweza kwenda mchana na kurudi kabla ya jua kuzama. Nitampelekea jibu hilo Jumamosi pamoja na unga na sukari, na nitakaa naye mezani siku za mwanzo, ili atakayetaka kumuuliza kwa nini ametoka aniulize mimi.